Tata Si Mwewe

Jumatatu, 3 Machi

Ashley amesema kila nikimaliza boksi niandike chini yake tarehe na kasoro. Haya. Boksi la kwanza: kiberiti cha jikoni. Kasoro: halifanani na kiberiti. Linafanana na mkate uliokaliwa.

Huyu Ashley ni binti wa dada yangu, anasomea ujenzi katika chuo cha ufundi Kisii mjini. Nimemshonea sare tangu chekechea. Leo yeye ndiye mwalimu, mimi ndiye wa kurudishiwa kazi na alama nyekundu, tena kwa simu.

Jumanne, 4 Machi

Karatasi ina nafasi, basi niandike pia kwa nini mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mwenye cherehani nyumbani na nyingine dukani mjini Nyamira, na wateja wanaomngoja, amekaa anachora viberiti.

Nyumba ya wakwe zangu, Tata Ombati na Mama Persis, iko chini ya mteremko. Nyuma yake chai imepanda hadi juu. Mwaka jana mvua ilifungua ufa kwenye udongo juu ya jiko lao. Kiangazi kikaja, ufa ukajifunga kidogo, kila mtu akasema Nyasae ni mwema. Mwezi jana mvua ilirudi na ufa nao ukarudi. Naibu wa chifu alipita akasema wote walio chini ya miteremko wahame mapema. Tata alimshukuru sana, akamkaribisha chai, akamsindikiza hadi barabarani, kisha akarudi kuketi palepale.

Ahamie wapi? Nyumba yetu, mimi na mume wangu Ochoki, iko juu mahali tambarare, na vyumba vipo. Lakini baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ndiyo chinsoni, ile haya ya heshima kati ya mzazi na mtoto, na zaidi kati ya mwanamume na mke wa mwanawe. Nimeolewa hapa miaka kumi na saba na Tata hajavuka kizingiti changu. Akija huita kutoka uani, nami humtolea kiti nje. Hata siku tulipoingia nyumba mpya, mchungaji akiomba sebuleni, Tata aliitikia amina akiwa chini ya mparachichi. Mtu asidhani ni uadui. Mimi mwenyewe akiingia nitaona haya hadi kwenye kucha.

Kwa hiyo tuliwaza kumjengea chumba kando ya chetu, chenye mlango wake. Akasema tumwonyeshe kwanza. Ashley akaleta ramani, ile ya mistari inayotazamwa kutoka juu: mstatili mkubwa, na mstatili mdogo kando yake. Tata akaigeuza, akaigeuza tena, akauliza, "Hili la kando ni kaburi?" Kwetu makaburi huchimbwa kando ya nyumba, utamlaumu? Hakutaka kusikia habari ya chumba kwa siku kadhaa. Ashley akaleta picha ya kompyuta. Hiyo ilikuwa na gari jeupe, nyasi za hoteli na mwanamke anayetembeza mbwa. Tata akauliza, "Na huyu mama, atakaa kwangu?"

Ndipo akasema neno ambalo limenitia taabuni. "Achore yule atakayekaa upande wa pili wa ukuta." Huyo ni mimi. Na bila neno lake hakuna fundi atakayechimba msingi, maana ardhi ni yake.

Kasoro ya leo ni ya Tata. Ni mkaidi.

Jumatano, 5 Machi

Katoni ya sabuni. Kasoro: pembe ya nyuma imetoroka. Mvua kuanzia alasiri.

Ijumaa, 7 Machi

Ashley amenitumia sauti: "Anti, usikasirike, lakini hiyo si boksi. Hiyo ni patani ya sketi, karatasi ya kukatia nguo. Umepima kila upande na tepu, si ndio?"

Ndiyo, nimepima. Nikamwambia mkono wa shati wa inchi ishirini na tatu ni inchi ishirini na tatu hata ukiutundika Mombasa. Akacheka mpaka nikasikia wenzake wakimuuliza kuna nini. "Kwa cherehani ni kweli, Anti. Kwa macho, hapana. Kitu kikienda mbali kinapungua. Weka tepu chini, halafu uangalie."

Weka tepu chini! Kumwambia fundi nguo aweke tepu chini ni kumwambia mpishi asionje. Nimeiweka, lakini nimekasirika.

Jumatatu, 10 Machi

Kreti ya soda iliyo mlangoni pa duka la jirani. Nimeichora mara nyingi mpaka mwenye duka akauliza kama nimetumwa na watu wa kodi. Kasoro: pande zinazoenda mbali zinapanuka badala ya kupungua. Naona kabisa zinapungua, mkono unakataa. Mkono wangu umezoea kushona, hauamini macho.

Mama Persis amepita kuuliza kama picha iko tayari. Bado. Amesahau chungio lake la chai kwangu.

Jumatano, 12 Machi

Nimemrudishia chungio. Ufa sasa unaingia kiganja. Mvua usiku kucha.

Ijumaa, 14 Machi

Leo boksi limesimama! Katoni ya mafuta ya kupikia, juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Ukiitazama unataka kuifungua. Ashley amejibu kwa vidole gumba vingi na neno moja, "Safi." Nimecheka peke yangu dukani. Sikujua kwamba neno moja la mtoto wa juzi lingenifurahisha hivi.

Kisha akanifundisha jambo la nyumba. "Boksi kubwa ni kama boksi dogo tu. Toka nje, simama mahali Guka atasimama. Angalia mahali mbingu inakutana na ardhi, chora mstari hapo. Huo ndio mstari wa macho. Kuta zote zinazoenda mbali, mistari yake ikutane kwa huo mstari." Nimemwambia aache kumwita mkwe wangu Guka, hilo ni neno la Wakikuyu la babu, sisi si wa Mlima Kenya. Akasema Nairobi wote wanasema hivyo. Kwani Kisii ni Nairobi?

Jumapili, 16 Machi

Nimeketi uani chini ya mparachichi na ubao wa shule wa mwanangu Fred, aliye bweni, magotini. Mbingu inakutana na ardhi kule juu ya kilima cha ng'ambo ya mto, kwenye ule mnara wa simu. Nimechora mstari hapo. Hilo lilikuwa rahisi.

Alhamisi, 20 Machi

Nachora nyumba yetu na chumba cha Tata kando yake. Kati ya kuta mbili nimeacha upenyo, maana Ochoki amesema bila upenyo tusijisumbue: ukuta ukigusana, nyumba ni moja, na Tata atakuwa amelala chini ya paa la mkwe wake. Mlango wake nimeuelekeza upande wa kusini ili asione wa kwangu, wala mimi nisione kitanda chake. Mvua.

Jumapili, 23 Machi

Kasoro: sijui. Kuna kitu. Nyumba inaonekana imelala chini kama kuku anayeatamia. Ashley anasema, "Mstari wako wa macho uko juu sana, Anti." Nimemjibu kwamba uko palepale aliposema, mbingu na ardhi zinapokutana, na mimi si kipofu. Akasema tena uko juu. Nikasema tena si kipofu. Hapo tumekoma.

Jumanne, 25 Machi

Mama Persis amekuja kuchukua picha. Nimemwomba ampe Tata bila kuongeza neno lake. Amesema, "Kwani mimi huwa naongeza?" Huwa anaongeza. Amesahau sufuria ndogo.

Jumatano, 26 Machi

Amekataa.

Mama amerudi na karatasi imekunjwa mara nne, wakati mimi niliituma imeviringishwa vizuri. Aliketi, akavuta pumzi, akasema, "Anasema paa ni moja."

"Mama, mapaa ni mawili! Si haya hapa?"

"Mimi nayaona mawili. Yeye anaona moja. Anasema mmemficha ndani ya nyumba yenu kama mahindi."

Nikauliza upenyo je, hakuuona upenyo? Mama akaitazama karatasi, akaipeleka mbali, akaileta karibu. "Mwanangu, hata mimi siuoni vizuri." Na kweli. Nilipoitazama kwa hasira hiyo niliona paa na paa, bati juu ya bati, na upenyo wangu umefunikwa na ncha za mapaa hayo. Wiki nzima nimechora upenyo ambao hauonekani.

Sikulia mbele yake. Nimelia baadaye, nikikata kola za shati, na kola mbili zimeharibika. Nimewaza maneno mabaya kuhusu mzee. Nimewaza kwamba anatafuta sababu, kwamba hata nikimletea picha iliyochorwa na malaika atasema bawa limepinda. Na Mama nimemwaza vibaya pia: huenda ndiye hataki kuhama, ndiye anayemtilia maneno mzee. Mbona haonyeshi haraka yoyote? Anakuja, anakaa, anakunywa chai, anasahau vitu vyake. Leo ameacha mwavuli, na nje kunanyesha!

Ochoki amerudi kutoka zamu ya kiwandani akanikuta nimevimba. Akasema, "Basi tuachane nayo, Mama Fred. Tutaomba Mungu." Nikamwambia Mungu ametupa mikono na udongo unashuka. Yeye ni mtoto wa kiume, kwa nini asiende kumwambia baba yake ukweli? Akavua viatu. Kisha akasema alishakwenda. Mara tatu. Ya mwisho alipiga magoti. Sikujua hilo. Nilidhani mume wangu ni mtu wa kungoja tu.

Alhamisi, 27 Machi

Nimechora kola. Hazina kasoro. Mvua.

Jumanne, 1 Aprili

Ufa unaingia mguu, na kiatu chake.

Alhamisi, 3 Aprili

Mama Persis kaja na ujumbe mwingine. Amesema Tata amefikiri, akamwambia aniambie hivi, neno kwa neno, na akamkataza kuongeza: "Mimi si mwewe. Mwambie achore vile mtu anayekuja na miguu yake anaona."

Mwanzo nimekasirika tena. Kisha nikaichukua picha ya kwanza nikaitazama kama mtu asiyejua nani aliichora. Ni kweli. Ni nyumba inavyoonekana na ndege. Ashley kasema mstari uko juu, mzee kasema si mwewe, na hawa wawili hawajazungumza tangu ile habari ya mbwa. Msichana wa chuo na mzee wa kuchuma chai wameniambia jambo moja, nami ndiye pekee niliyekuwa nabisha. Lakini kosa liko wapi? Mbingu inakutana na ardhi pale pale kilimani. Nimetoka kuangalia tena.

Jumapili, 6 Aprili

Nimelipata! Niandike yote kabla sijapoa.

Jana tukitoka kanisani, nimebeba chupa ya maji iliyobaki nusu, tumepumzika kwenye kona ya barabara. Nikaiinua ninywe. Maji ndani ya chupa yamelala sawa, hata mimi nikiwa kwenye mteremko, hata chupa ikiinama. Nikaishusha, nikaona uso wa maji kwa juu. Nikaipandisha, nikauona kwa chini. Katikati ya hapo kuna mahali uso wa maji hauonekani kwa juu wala kwa chini, unakuwa uzi tu. Hapo maji yako sawa na macho yangu. Nikatazama kupitia ule uzi, ng'ambo ya bonde, kuona unagusa wapi.

Haukugusa kilima. Kilima kilikuwa huko juu kabisa. Uzi uligusa mlango wa choo cha Mzee Nyamongo, katikati ya migomba yake.

Nikapanda hatua chache, nikashuka, nikaiinua tena chupa, jicho moja limefumbwa. Kila mahali ni hivyo. Ashley anafundishwa na vitabu vya watu wa tambarare. Kwao mbingu na ardhi hukutana mbele ya macho. Kwetu hukutana juu ya kichwa, kwa sababu mbele ya macho kuna kilima cha mtu mwingine. Mimi nimeweka macho ya Tata kule kwenye mnara wa simu, halafu nashangaa anaona bati tupu!

Watu wa kanisa walikuwa wanapita. Dada Abigael wa kwaya alisimama, akaniangalia nikifumba jicho kwenye chupa, akasema polepole, "Mama Fred, Sabato njema." Hadi jioni Ochoki alikuwa ameulizwa na watu wawili kama nimeanza kunywa. Alicheka mpaka akashika mlango. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mvua ianze.

Nilitamani kukimbia nyumbani nichore, lakini ilikuwa Sabato. Nimengoja jua lizame. Halijawahi kuzama polepole hivyo.

Jumatatu, 7 Aprili

Ashley nimemweleza. Akaniomba nirudie. Kisha: "Anti. Hiyo hata mwalimu wetu hajawahi kutuambia. Pole, mimi ndio nilikuambia vibaya." Nikamwambia asiombe pole, aliniambia ukweli mara mbili na mara mbili nikamwambia mimi si kipofu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nachora. Mvua. Mama ameacha blanketi.

Jumapili, 13 Aprili

Picha imekamilika. Nimeiegemeza kwenye cherehani nikarudi nyuma. Mtu anatoka njia ya chini, anafika uani, anaona mlango wangu kushoto. Anaona ukuta unaisha. Halafu anaona upenyo, mwembamba, na migomba nyuma yake na mwanga. Halafu ukuta mwingine unaanza, wa nyumba nyingine, na paa lake lenyewe. Hakuna anayeweza kusema hiyo ni nyumba moja. Kasoro: ndoo niliyoweka pale mlangoni imepinda. Nimeiacha.

Nilipokuwa nikitafuta mahali pa kuiweka isilowe nikafungua kabati la chini jikoni. Chungio. Sufuria. Mwavuli. Blanketi. Vile vikombe viwili vya maua vya harusi yake. Biblia kuukuu, na miwani ndani ya soksi. Lile chungio nililirudisha mimi mwenyewe na limerudi tena!

Nimekaa chini kwenye sakafu. Mama hasahau. Mama anahama. Hawezi kumwacha mumewe wala kubishana naye, kwa hiyo anahama kikombe baada ya kikombe, na mimi nikamwandika hapa kwamba ndiye anayemtilia mzee maneno. Nimeona aibu sana.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimempa Mama picha. Nikamwambia pia, "Mama, kabati la juu nalo ni tupu." Alinishika mkono akaubana sana, kisha akaenda.

Jumanne, 15 Aprili

Asubuhi, mvua imetulia kidogo, nimesikia kikohozi uani. Nimechungulia dirishani. Tata amesimama amevaa koti la mvua na kofia ya kanisani, ameshika picha yangu kwa mikono miwili mbele ya uso. Alisogea kushoto. Akasogea kulia. Akarudi nyuma hadi kwenye mparachichi, akasimama. Akaishusha picha, akatazama nyumba. Akaiinua tena. Nilijua amesimama mahali gani: palepale nilipoweka ubao.

Nikatoka, nikasimama mbali kama inavyotakiwa, nikasalimu. "Bwakire, Tata."

"Bwakire." Hakuniangalia. Aliangalia karatasi. "Hapa ndipo ulikuwa umekaa."

"Ndiyo, Tata."

"Huyu anayeangalia ni mtu."

"Ni mtu, Tata."

Moyo wangu ulikuwa unapiga kuliko cherehani. Kisha akamgeukia Mama, aliyekuwa nyuma yake muda wote, akamwambia kana kwamba mimi niko Nairobi: "Mwambie upenyo ni mdogo. Mwanamke akibeba kuni atakwaruza ukuta wangu. Aongeze. Halafu aite fundi."

Mama akanigeukia. "Anasema uongeze."

Nimesikia, Mama. Nimesikia! Nimeingia ndani nikajifungia chumbani nikaruka kama mtoto.

Jumatano, 16 Aprili

Fundi Omosa na vijana wake wameanza msingi. Tata ameketi nje akiwaangalia, picha iko ndani ya koti. Wakikosea anaitoa.

Jumanne, 22 Aprili

Kuta zimefika dirishani. Nyasani, mwenye lori la mchanga, amechelewa kwa sababu ya matope. Mvua. Naenda kutazama ufa kila asubuhi kabla ya duka. Mara hii siandiki kinachoingia ndani yake.

Jumapili, 27 Aprili

Bati limepanda.

Ijumaa, 2 Mei

Wamehamia kabla Sabato haijaingia. Mama alibeba mkoba mmoja tu, majirani wakashangaa vitu vyake viko wapi. Tata alileta redio, jembe, na kiti chake. Alipita uani bila kuangalia mlango wangu, akazunguka, akaingia kwake kusini. Nimesikia kupitia kuta mbili na upenyo akisema, "Mbuya," yaani vyema. Ochoki naye amesikia. Tumeendelea kula.

Jumapili, 11 Mei

Jana, Sabato, wakati wa mahubiri, tulisikia mlio kama lori linamwaga kokoto, lakini haukuisha. Mchungaji alinyamaza. Watu wakatoka.

Mteremko umeshuka. Chai yote ya upande wa juu imekuja na udongo wake, ikapita juu ya jiko, ikaingia chumba cha kulala, ikasimama katikati ya sebule. Ukuta wa mbele bado umesimama na mlango wake umefungwa kwa kufuli, na nyuma yake hakuna nyumba. Ng'ombe alikuwa amefungwa juu kwetu. Hakuna mtu aliyeumia. Naandika tena: hakuna mtu aliyeumia. Wote walikuwa pale kanisani pamoja nasi, na hata kama wasingekuwa kanisani wangekuwa juu kwetu wakinywa chai iliyochujwa kwa lile chungio.

Tata alishuka, akafungua kufuli, akachungulia, akafunga tena. Sijui kwa nini alifunga. Kisha akapanda hadi uani kwetu. Nikamtolea kiti. Alikaa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu hapa alinitazama usoni, mara moja tu, kisha akatazama chini kama inavyofaa. Nami nikatazama chini. Nilikuwa nalia na sikujificha.

Ashley amepiga simu mara nyingi. Nikamwambia tuko salama. Akalia yeye pia, halafu akasema, "Anti, ile ndoo bado imepinda."

Alhamisi, 15 Mei

Jua. Nimeanika nguo za wote wanne kwenye kamba moja, kisha nikakumbuka, nikafunga kamba ya pili.

Jumatatu, 19 Mei

Mama Persis kaja na ujumbe. Siku hizi haachi kitu, anakuja mikono mitupu. "Anauliza ndani kwenu kuko vipi."

"Sebuleni?"

"Sebuleni. Miaka yote namwambia, iko na kabati, iko na viti vya rangi ya maziwa. Anasema maneno yangu hayana dirisha."

Jumapili, 25 Mei

Nimechora sebule. Chumba ni boksi pia, ila wewe ndiye uko ndani yake. Nimekaa mlangoni, kwenye kizingiti kabisa, na mstari wa macho nimeuweka pale ambapo macho ya mzee aliyeketi yangekuwa. Kabati, viti, pazia nililoshona mwenyewe, saa, picha ya Fred akiwa darasa la nane. Mistari yote inakwenda kukutana kwenye dirisha la mbali, linaloangalia upande wa chumba chake. Ashley amesema, "Hapa sina neno." Kasoro: kwa mara ya kwanza, sijaiona. Nimempa Mama.

Jumamosi, 31 Mei

Sabato. Sichori, lakini kuandika kidogo nadhani si kazi.

Picha imerudi jana jioni. Haikukunjwa. Mama aliiweka mezani akasema, "Hajasema kitu, na mimi siongezi." Akaondoka haraka.

Nimeitafuta kasoro aliyoiona. Sikuiona mwanzo. Kisha nikaona, kando ya kabati langu, mahali ambapo hakuna kitu, kuna kiti kimechorwa kwa penseli iliyokandamizwa sana, kwa mkono usio wangu. Ni kiti chake, kile alichobeba siku ya kuhama. Miguu minne imesimama ubavuni pamoja, kama patani ya sketi, na mgongo wake umeegemea upande ambao hakuna ukuta. Hakuna mstari hata mmoja unaofika dirishani.

Raba ya kufutia iko hapa kwenye droo ya cherehani. Sijaigusa.